Mguu wa Nne wa Kigoda

Jina lake kamili, kama mtaa ulivyolishona kipande kwa kipande kwa miaka arobaini, ni Mama Pindo Mshona-Mashuka Mkaidi wa Uzio wa Mabati. Ni binti wa mchimba visima aliyechimba visima kumi na saba, maji yakakubali katika kumi na sita. Kile kimoja kilichogoma alikifukia kwa mikono yake na akarudisha malipo bila kudaiwa. Ni mjukuu wa mkunga aliyemzalisha mke wa mtu waliyekuwa wakigombania naye mpaka wa shamba: asubuhi alipokea mtoto, mchana akanawa mikono akaenda kuendelea na kesi. Ni mjane wa fundi bomba, mtu mpole ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kupata neno la mwisho. Na yeye mwenyewe alishona mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, katika chumba kisicho na dirisha, na halikutoka shuka mkononi mwake likafumuka pindo.

"Watu wa ukoo wetu hawali cha mtu," alikuwa akisema. Aliyasema hayo mara nyingi mno, mbele ya watu wengi mno, na ndiyo maana baadaye yalimkaa kooni kama mfupa.

Mbwa walianza hivi. Mwaka wake wa mwisho kazini, mbwa jike mmoja alizaa nyuma ya chumba cha kufulia, juu ya rundo la mashuka yaliyochakaa. Msimamizi akasema watupiwe sumu kabla mkaguzi hajafika. Mama Pindo hakubishana. Alingoja saa ya chakula, akamfungia mama mtu kamba, akawatia watoto sita katika mfuko wa nguo chafu, akaubeba kichwani mpaka getini. Mfuko ukalia, "Wiii!"

"Mama, nini hicho?" mlinzi akauliza.

"Mashuka," akajibu bila kupunguza mwendo. "Yanalilia pasi."

Kiinua mgongo chake kilinunua mabati ya kuzungushia ua. Jirani yake, muuza vyombo vya plastiki, alisimama akitazama mafundi wakigongelea, mikono kiunoni. "Wenzio wakistaafu wanafuga kuku, Mama Pindo. Wewe unafuga meno!"

"Kuku unamfuga unamla. Hawa siku wakinila mimi, mtajua nilikuwa mtamu."

Kwa miaka minane watu wakawa wanamletea: aliyegongwa na gari, aliyemwagiwa maji ya moto, aliyezeeka kazini kwenye bohari akafukuzwa kama mlinzi asiye na mkataba. Walifika ishirini na watatu. Na bwana wa nyumba hiyo hakuwa mtu tena, alikuwa sufuria. Sufuria ililala juu ya mafiga uani, kubwa ya kumwogesha mtoto, na kila siku ilidai debe la pumba, ndoo ya utumbo na mapupu kutoka kwa mwenye bucha, na kuni. Ukiipa ilinyamaza mpaka kesho. Usipoipa, macho arobaini na sita yalikutazama, na macho ya mbwa hayajui kwamba leo ni tarehe ishirini na nane.

Hakuwa mtu wa kuombaomba. Alibuni njia yake: kila mbwa alikuwa na mtu wake. Mtu wa nje, mwenye moyo na kipato kidogo, alichagua mbwa mmoja, akatuma chochote kila mwezi kwa simu. Na kila mwisho wa mwezi Mama Pindo alimpiga mbwa huyo picha na kumtumia mtu wake, pamoja na maneno mawili matatu. "Siombi," alikuwa akisema. "Natoa taarifa. Mtu anajua mbwa wake amekula, amelala, amemkosea nani adabu." Na kweli, watu walizipenda taarifa zile. Zilikuwa na chumvi yake.

Kigoda aliletwa na dereva wa lori. Dereva mwenyewe ndiye aliyemgonga, alfajiri, kwenye barabara kuu, na badala ya kuendelea na safari kama wenziwe alimzoa kwa koti lake, akaja naye akilia waziwazi, mwanamume wa miaka hamsini na kitu. Daktari wa mifugo alikata mguu wa nyuma wa kushoto. Mbwa alipoinuka na kusimama kwa mitatu, akiwa imara kabisa, Mama Pindo alisema, "Haya, kigoda hiki hapa," na jina likakaa. Alikuwa na rangi ya kaki na baka jeupe kifuani, mpole kupita kiasi. Ukimwekea kitoto cha mbwa yeyote, alilala ubavu akakikumbatia.

Dereva akawa mtu wa Kigoda. Njia yake haikupita tena upande ule, lakini pesa yake haikuchelewa hata mwezi mmoja, na kila mara ilifuatana na ujumbe: "Ya mdogo wangu. Mnunulie na mfupa." Ikawa ndiyo pesa ya kutegemewa kuliko zote pale uani. Wengine walituma wakikumbuka. Dereva alituma kama jua linavyochomoza.

Sasa sikiliza dhambi ilivyoingia, maana dhambi ya mtu mwenye njaa haipigi hodi mlango wa mbele.

Daktari wa mifugo alikuwa akija mara moja kwa mwaka na boksi la chanjo ya ile homa ya mbwa, inayoanza na makamasi na kumalizikia na mtukutiko. Mwaka huo Dereva alituma pesa ya ziada, ya sindano ya Kigoda peke yake. Ilifika asubuhi. Mchana wa siku hiyohiyo mashine ya kusaga ilitangaza kwamba inafungwa kwa matengenezo, na pumba zilizobaki zinauzwa nusu bei, leo tu. Mama Pindo alisimama na simu mkononi akapiga hesabu. Kigoda hatoki nje. Mbwa wa miguu mitatu ataenda wapi? Nani atamwambukiza? Wale wanaoruka mabati ndio wachanjwe. Yeye atapelekwa kwa daktari mwezi ujao. Akanunua magunia saba.

Magunia yale hayakuwa na pa kukaa. Akayajaza kwenye kibanda cha pembeni, kile cha kuwatenga wageni, ambako kila mbwa mpya alikaa siku ishirini na moja kabla ya kuchanganywa na wengine. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Aliiandika kwa mkaa mlangoni. Wiki moja baadaye mtu akaacha getini katoni ya vitoto vinne, vinatetemeka, na kibanda kimejaa pumba hadi dari. Akavipeleka kwa nani? Kwa Kigoda.

Vitoto viwili vilikufa siku ya tatu. Kigoda alianza makamasi siku ya tisa. Akaugua siku sita, na Mama Pindo akamlisha maji kwa kijiko, akamfuta, akamwimbia, akamwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia mume wake. Alipokufa, alimzika kando ya uzio na kuweka jiwe.

Siku nne baadaye ikawa mwisho wa mwezi. Alikaa kitandani, akaandika, "Baba, Kigoda ame," akasita. Simu ikatetemeka mkononi. Pesa imeingia. "Ya mdogo wangu. Mnunulie na mfupa." Nje sufuria ilikuwa tupu. Akafuta alichoandika, herufi moja moja, akaenda kununua utumbo. Kesho, alijiambia. Kesho nitamwambia.

Lakini Dereva aliulizia picha.

Palikuwa na mbwa mwingine wa rangi ya kaki, mchangamfu, ambaye mtaa ulimwita Bahasha. Alikuwa na miguu yote minne na hakuwa na baka. Mama Pindo alimlaza juu ya gunia, akamkunjia mguu wa nyuma wa kushoto chini ya tumbo, akampaka kiganja kimoja cha unga wa ngano kifuani. Akampiga picha haraka kabla hajajiramba. Dereva akajibu: "Amenenepa! Mungu akubariki."

Uongo wa kwanza ni mgumu. Wa pili unajua njia. Kila mwisho wa mwezi, kipande cha ini kwa Bahasha, mguu chini ya tumbo, unga kifuani. Bahasha alijifunza mpaka ikawa akimwona Mama Pindo ameshika simu, anajilaza mwenyewe na kuukunja mguu. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Alikuwa amemfundisha mnyama asiye na kosa kusema uongo kwa mwili wake, na mnyama alikuwa akiufurahia.

Jiwe la kaburini aliling'oa mwezi wa pili. Mgeni angeweza kuuliza.

Mpwa wake, binti wa kaka yake, alimkuta siku moja kwenye kazi hiyo. Huyu alikuwa keshia katika duka la saruji na misumari, mwanamke wa miaka thelathini na nne mwenye ulimi mkali kuliko misumari aliyoiuza, na kila Jumamosi alikuja kumsaidia shangazi yake kuosha mabanda. Kifo cha Kigoda alikijua, mengine hakuyajua.

"Shangazi, mbona unampaka mbwa poda? Ana harusi?"

"Ana ukurutu."

"Ukurutu wa kifuani tu? Na siku za mwisho wa mwezi tu, kama mshahara?"

"Wewe mtoto, shika fagio."

Akashika fagio, lakini alimtazama shangazi yake kwa jicho la mtu anayehesabu noti mara ya pili.

Hivyo ikapita miezi kumi na mmoja. Mama Pindo alikonda. Aliacha kwenda kwenye chama cha akina mama wa mtaa, maana huko walikuwa wakimtolea mfano: "Tazameni Mama Pindo, hana kitu lakini mkono wake safi." Akilala, alimwona baba yake amesimama juu ya kile kisima kikavu, ana koleo mkononi, anamngoja.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa kumi na mbili tangu mazishi, asubuhi, alikuwa amekwisha kumpaka Bahasha unga na anaitafuta simu, mpwa wake anamwaga maji mabandani, ndipo yalipogongwa mabati ya geti.

"Hodi hapa!"

Ilikuwa sauti ya Dereva.

Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amenyoa ndevu, ameshika kamba mpya ya ngozi ya kumfungia mbwa, bado ina karatasi ya dukani. Alikuwa amepungua, mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Mama Pindo! Naona umeshtuka kama umeona mdai. Tulia, mimi sidai, mimi ndiye ninayedaiwa." Akacheka. "Sikukuambia kwenye simu. Tajiri aliuza malori yake mwezi wa saba. Nina miezi mitano niko nyumbani."

"Miezi mitano?" Mama Pindo alisema. "Na pesa ulizokuwa unatuma?"

"Ah, vitu vya ndani. Redio, baiskeli, kabati. Mtu mmoja anahitaji kabati la nini? Sasa vimekwisha. Nikasema, pesa imeisha lakini nyumba haijaisha. Nimekuja kumchukua mdogo wangu tukae wote. Mzigo wako upungue."

Kabla Mama Pindo hajajibu, Bahasha alikuwa amesikia sauti ngeni na kufikiri ndiyo saa ya ini alilokuwa akilingoja. Akaja mbio, masikio yamelala nyuma, akamrukia Dereva tumboni, akashuka, akamzunguka, akasimama mbele yake akitikisa mkia, kifua cheupe kimeinuliwa.

"Kigoda!" Dereva aliinama na mikono wazi. Halafu mikono ikabaki hewani. Macho yake yalishuka polepole, yakaanza na miguu ya mbele, yakaenda ya nyuma, yakarudi tena mbele.

"Mama Pindo," akasema kwa sauti ndogo. "Mguu umeota?"

Mpwa alicheka kwa nguvu, akidhani ni utani. Kisha akautazama ule unga, akamtazama shangazi yake, na kicheko kikakatika.

Majibu yalikuwepo. Mwanamke yule hakukosa maneno tangu azaliwe: Kigoda yuko kwa daktari, Kigoda alichukuliwa jana na watu wema, Kigoda ametoroka. Yote yalisimama nyuma ya meno yake kama wagonjwa foleni.

"Huyo si Kigoda," alisema. "Kigoda amekufa."

"Lini?"

"Mwezi huu unatimia mwaka."

"Lakini picha..."

"Ni za huyo."

Dereva alipitisha kidole gumba kwenye kifua cha mbwa, akakinusa. "Unga," akasema. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Bahasha akaweka kidevu gotini pake, naye hakumsukuma wala hakumshika.

"Alikufa kwa nini?"

Hapo mpwa akadakia, kwa nia njema kabisa, maana damu ni damu. "Ilikuwa homa, baba. Ililetwa na vitoto vilivyotupwa getini. Shangazi alihangaika naye siku sita, anamlisha kwa kijiko. Kuhusu picha sijui, lakini kumuuguza alimuuguza."

Na yote hayo yalikuwa kweli. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Mama Pindo alihitaji tu kuinamisha kichwa na kupita. Mzee wa watu angeumia kwa kudanganywa picha, lakini angekwenda kwake akijua kwamba homa haina mwenyewe.

"Nyamaza, mwanangu. Hujui," alisema. "Baba, ulituma pesa ya sindano. Sikumchoma. Nilinunua pumba. Magunia saba, nikayajaza kwenye kibanda cha kuwatenga wageni, na vitoto vigonjwa vilipokuja nikavilaza naye. Homa niliileta mimi, mpaka kwenye gunia lake."

Mpwa aliweka ndoo chini. Maji yalimwagikia miguuni na hakusogea.

"Ile pesa ya sindano nilimkopa utingo wangu," Dereva alisema. "Alinicheka mwezi mzima. Mtu mzima anakopa ili achanje mbwa!" Akaikunja kamba mpya mara mbili, mara tatu. "Hizo pumba, walishiba?"

"Mwezi na nusu."

"Mimi nilimgonga kwa sababu nilikuwa nawahi mizani ya kupimia malori kabla foleni haijawa ndefu. Sikuwa na haraka nyingine. Nikasema, hili nitalilipa mpaka mmoja wetu afe." Akatikisa kichwa. "Kumbe mmoja wetu alishakufa, na mimi nauza kabati."

"Nitarudisha. Kila senti ya miezi yote, na ile ya sindano."

"Utatoa wapi? Kwenye sufuria? Halafu hawa wale nini, hasira zangu?" Akainuka. "Kaa nazo. Ila usinitumie tena picha, Mama Pindo. Ya mbwa yeyote. Nionyeshe alipolala."

Akamwonyesha. Palikuwa ardhi tupu kando ya mabati, haina alama. Dereva aliuliza kama ni hapa au pale, na ikabidi Mama Pindo ahesabu nguzo za uzio kwa kidole ili awe na hakika. Alitamani mabati yamwangukie. Mwanamume alisimama pale kidogo, akasema neno moja ambalo halikumhusu mtu mwingine, akatia kamba mfukoni, akaondoka. Bahasha alimsindikiza mpaka getini. Dereva hakugeuka.

"Shangazi," mpwa alisema geti lilipofungwa, "mimi nilikuwa nimekutoa. Ungenyamaza tu. Angeamini."

"Angeamini."

"Sasa akisema huko nje? Hilo jina lako lote hilo?"

"Atasema. Na asiposema yeye, mimi najua nilichofanya." Mama Pindo alichukua kitambaa, akamshika Bahasha, akamfuta kifua mpaka rangi ya kaki ikarudi. Kisha akaingia ndani. Alikaa huko mpaka mpwa akafikiri analia, lakini alipotoka macho yalikuwa makavu. Alikuwa ameshika simu na daftari la majina ya watu wa mbwa. Akavitia vyote mikononi mwa mpwa wake.

"Vya nini?"

"Kuanzia leo taarifa unaandika wewe. Picha unapiga wewe, Jumamosi ya mwisho, mbwa akiwa amesimama. Mimi sipigi tena. Simu ikae kwako, nisiishike hata nikikuambia naumwa."

"Mimi? Mimi sina yale maneno yako matamu."

"Ndiyo maana nakupa wewe." Akaligonga daftari kwa kidole. "Na kuna wengine wawili."

"Wawili nini?"

"Waliokufa na bado wanaishi humo. Yule wa mwalimu, na yule wa mama wa duka la dawa. Miezi mitatu mmoja, mwingine minne."

Neno lililomjia mpwa alilimeza. Alikuwa na adabu za kwao. Akalifungua daftari juu ya mtungi wa maji. "Wakiacha kutuma, watakula nini hawa?"

"Wataacha. Wiki ijayo tutakaa tuamue akina nani watafutiwe nyumba, na wapya nitawakatalia hapo getini, hata walie. Hilo nitalifanya mimi. Lako ni hili." Akamwekea kidole kwenye jina la kwanza. "Anza na mwalimu. Andika sasa hivi, niko hapa. Usianze na pole. Weka kifo mbele, na siku yenyewe, halafu useme ni mimi niliyeficha. Pole iweke mwisho, kama nafasi itabaki."